Tusiyashuhudie Mawe Uongo

Mwaka jana katika darasa la kipaimara binti mmoja wa miaka 14 aliinua mkono akaniuliza, "Mchungaji, ni kweli nyayo za Laetoli zilichorwa na Shetani?"

Nilimwuliza amelisikia wapi jambo hilo. Akasema alilisikia kwenye mkutano wa injili. Mhubiri aliwaambia watu kwamba Shetani alizipiga chapa zile nyayo kwenye mwamba ili wasomi wasiamini kitabu cha Mwanzo. Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa kidato cha kwanza, na wiki iliyofuata alikuwa na mtihani wa Historia. Akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, "Sasa mimi niandike nini?"

Makala hii ni jibu langu kwa binti huyo. Lakini siwaandikii watoto, wala siwaandikii wasioamini. Nawaandikia wachungaji wenzangu, wainjilisti, wazee wa kanisa, wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili. Sisi ndio tunaomweka mtoto mahali pa kuchagua kati ya daftari lake na Biblia yake. Nasema kwamba jambo hilo ni dhambi, na dhambi yenyewe ina namba katika Katekisimu.

Kabla sijamnyoshea mtu kidole, nianze na mimi. Yapata miaka 15 iliyopita, katika usharika wangu wa kwanza, alikuwapo kijana aliyefundisha Shule ya Jumapili na kuimba sauti ya nne katika kwaya. Alikwenda chuo kikuu kusoma jiolojia. Likizo ya kwanza alikuja ofisini kwangu na maswali juu ya umri wa miamba. Sikuwa na majibu, nami niliona aibu kukosa majibu mbele ya kijana. Nikamwambia, "Mwanangu, chagua: Neno la Mungu au hayo mawe yako." Akanyamaza kidogo, akaniaga kwa adabu, akatoka. Alichagua. Hajaingia kanisani tangu wakati ule, isipokuwa siku ya mazishi ya baba yake.

Mama yake bado huketi benchi lilelile. Kila Pasaka alikuwa akiniomba nimwombee mwanawe, nami nikimwombea bila kumwambia ni nani aliyemfungulia mlango wa kutokea. Mwaka jana nilimwambia. Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba Mchungaji, miaka yote hii mimi nilidhani ni mimi niliyemlea vibaya."

Ndiyo sababu siwezi kulitazama jambo hili kama mzaha wa mikutano ya hadhara. Kuna mama aliyebeba hatia isiyo yake kwa sababu mchungaji wake alizungumzia mawe ambayo hakuwahi kuyaona.

Basi nilipopata nafasi ya kusafiri na wachungaji wenzangu kaskazini mwa Kenya, niliomba tufike huko kwenye mawe yenyewe. Tulitoka Marsabit, tukavuka jangwa la Chalbi lililo jeupe kwa chumvi, tukapita North Horr, tukaendelea hadi Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, ufukwe wa mashariki wa Ziwa Turkana. Nchi ile ni kavu. Ni mawe meusi ya volkeno, upepo usiokoma, na wafugaji Wagabra na Wadasanechi wanaojua kila kisima kilipo. Sehemu moja ya nchi hiyo huitwa Koobi Fora, jina la Kigabra linalotokana na mti utoao manemane. Ni manemane ileile tunayoisoma kila sikukuu ya Epifania.

Katika jangwa hilo yamelala magogo ya miti iliyogeuka jiwe. Niliweka mkono juu ya gogo moja. Lilikuwa la moto kwa jua na gumu kama kinu cha mawe, lakini macho yangu yaliona mti: nyuzi za mbao, fundo mahali tawi lilipotokea, na upande uliovunjika, miviringo ya kukua kwake. Mti hauwi jiwe kwa muujiza. Huanguka, hufunikwa upesi na matope au majivu ya volkeno, na kwa kukosa hewa hauozi. Kisha maji ya ardhini yenye madini ya silika hupenya ndani yake pole pole, tone kwa tone, na madini hujaza nafasi ya kila chembe ya mti. Mti wenyewe huondoka, umbo lake hubaki. Hapo ambapo leo mbuzi hutafuta jani, zamani palikuwa na msitu.

Hata wale wanaotafuta mabaki haya sikuwa nimewajua. Nilidhani ni watu wanaokuja na jibu mfukoni. Kazi yao ni kutembea. Hutembea makorongoni kwa hatua fupi, vichwa chini, hasa baada ya mvua kuosha udongo. Anayetafuta nyayo hupenda asubuhi na jioni, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli huonyesha bonde dogo ambalo jua la mchana hulificha. Akiliona, hupiga magoti. Huondoa udongo kwa brashi, hupima, hupiga picha, na mara nyingi hulifunika tena ili upepo usiliharibu. Mwaka 1984 Mkenya Kamoya Kimeu aliona upande wa magharibi wa ziwa lile kipande kidogo cha fuvu, chenye rangi karibu sawa na ya mawe yaliyokizunguka. Kutoka hapo ilipatikana mifupa ya kijana anayejulikana kama Turkana Boy, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kwa nyayo, zile za Ileret, upande wetu wa mashariki, zilitangazwa mwaka 2009. Ni za umri unaokaribia huohuo, na zina kidole gumba kilichonyooka na upinde wa unyayo kama wako na wangu.

Sasa niwajibu ndugu zangu moja kwa moja.

Wa kwanza husema, "Ni kazi ya Shetani." Ndugu, umefikiri unachokisema? Kila Jumapili tunakiri kwamba Mungu Baba ndiye Muumba wa mbingu na nchi. Shetani ni kiumbe. Hana uwezo wa kuumba hata punje ya mchanga. Ukimpa kazi ya kutengeneza misitu ya mawe na kupiga chapa tambarare nzima, umempa sehemu ya uumbaji, na umeivunja ile sehemu ya kwanza ya Imani kwa ulimi uleule ulioikiri asubuhi. Huko si kumtetea Mungu. Ni kumgawia adui yake shamba.

Wa pili husema, "Mungu aliumba mawe yakiwa tayari na alama hizo, ili kuijaribu imani yetu." Huyu ni hatari zaidi, maana uongo ameuhamisha kwa Shetani akampa Mungu. Mti wenye miviringo ya miaka ambayo haukuishi? Unyayo wa mguu ambao haukutembea? Baba anayetengeneza ushahidi wa uongo ili awanase watoto wake siye Baba aliyetufunulia Yesu. Mtume Paulo anawaambia Warumi katika sura ya kwanza kwamba uweza wa Mungu unafahamika kwa vitu alivyovifanya. Kama vitu hivyo vinadanganya, Paulo naye alitupoteza.

Wa tatu husema, "Ni Gharika ya Nuhu." Huyu namheshimu, maana anajaribu kufikiri na Biblia mkononi. Lakini twende naye Laetoli, nchi yetu wenyewe, kusini mwa Olduvai. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta huko nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, msururu wa mita zipatazo 27, katika majivu ya volkeno yenye umri wa miaka milioni 3.66. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Italia walikuta nyingine si mbali na hapo. Majivu yalianguka, mvua ndogo ikayalowesha, viumbe wakapita, jua likayakausha yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Hata matone ya ile mvua yameacha alama. Kuna nyayo za sungura, kanga, twiga na tembo, tabaka juu ya tabaka. Nauliza kwa upole: katika gharika iliyofunika vilele vya milima, kanga alitembea wapi? Alama ya tone la mvua hudumu chini ya maji gani? Ileret nako kuna nyayo katika matabaka mawili, na kati yake mita kadhaa za udongo. Mafuriko mamoja hayawezi kupitiwa kwa miguu mara mbili.

Wengine huuliza umri huo unajulikanaje, nao wana haki ya kuuliza. Katika majivu ya volkeno kuna madini yenye potasiamu, na sehemu ya potasiamu hiyo hugeuka pole pole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo unaopimika. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka. Ukipoa, gesi mpya huanza kufungiwa ndani. Kwa kupima gesi iliyofungwa, mtafiti hujua ni muda gani tangu moto ule ulipopoa. Unaweza kumpinga kwa kupima vizuri kuliko yeye. Kumpinga kwa kupiga kelele kwenye kipaza sauti si hoja.

Wa nne husema, "Hii ni elimu ya wasiomjua Mungu." Basi na asikie habari za Niels Stensen wa Copenhagen, anayeitwa pia Steno. Alizaliwa mwaka 1638 katika familia ya Kilutheri. Mwaka 1669 alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba tabaka la chini hutangulia lile la juu, na kwamba mawe yenye sura ya meno ya papa yalikuwa kweli meno ya papa. Alihamia Kanisa Katoliki, akawa askofu. Walutheri wanaweza kusikitika kwamba tulimpoteza, lakini hakuna awezaye kusema hakumcha Mungu. Elimu ya matabaka tunayoilaani madhabahuni aliiwekea msingi mtu aliyepiga magoti madhabahuni.

Wa tano ni mwenzangu wa theolojia. Yeye husema, "Lakini Luther mwenyewe aliamini dunia haijatimiza miaka 6000." Ni kweli, na tusimfiche. Luther alikufa mwaka 1546, zaidi ya karne moja kabla ya kitabu cha Steno. Alisema alichoweza kujua. Lakini fungua Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, pitia vifungu vyake vyote 28, uniambie ni kipi kinachotaja umri wa dunia. Kipo kifungu cha Mungu, cha dhambi ya asili, cha Mwana wa Mungu, cha kuhesabiwa haki. Wazazi wetu wa imani waliorodhesha mambo ambayo kwayo Kanisa husimama au kuanguka, na kalenda ya miamba haimo. Sisi ni nani hata tuongeze kifungu cha 29 na kumfukuzia nacho kijana?

Sisemi kwamba maswali yamekwisha. Habari za Adamu na za kuingia kwa mauti bado zinahitaji tuketi chini na Maandiko, kwa sala na bila haraka. Nami pia nawapinga wale wa upande wa pili wanaotamba kwamba mti wa mawe umemwondoa Mungu. Unyayo huonyesha mtu alipita, alikanyaga vipi, alielekea wapi. Hauonyeshi alimwomba nani alipoogopa. Jiwe halina neno juu ya ondoleo la dhambi. Ukilitafuta huko hutalipata, na ukisema halipo kwa sababu hukulikuta huko, umefanya kosa lilelile la mhubiri wa uwanjani, ila umegeuza upande.

Narudi sasa kwenye ile namba niliyoahidi. Ni amri ya nane, inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Luther anatufundisha kwamba amri hii haitutaki tu kufunga mdomo. Inatutaka tumtetee jirani na kuyatafsiri mambo yake kwa wema. Mtafiti anayetembea juani Turkana ni jirani yangu. Nikisimama mimbarani na kusema amelipwa ili adanganye, wakati sijasoma kazi yake wala kuugusa udongo alioupima, nimemshuhudia uongo, hata kama nimeanza kwa sala na kumalizia kwa "haleluya". Mwaka 2006, kabla Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi hayajafunguliwa upya, baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga hadharani namna ile mifupa ya Turkana Boy ilivyokusudiwa kuonyeshwa. Walikuwa na haki ya kusema. Lakini vijana waliowasikiliza walijifunza nini? Walijifunza kwamba Kanisa linaogopa mifupa ya kijana.

Kuna jambo moja la aibu nalo nitalisema. Tulipokuwa Sibiloi, mmoja wetu, ambaye njia nzima alikuwa akisema mambo haya ni hadithi za wazungu, aliinama akaokota kipande cha mti wa mawe, akakitia mfukoni. Kijana aliyekuwa akituongoza alimwona. Akamwambia kwa heshima, "Baba Mchungaji, hilo tafadhali liache mahali pake. Likiondoka, hakuna atakayejua lilikuwa wapi." Mwenzetu alilirudisha, masikio yakimwaka. Nami nilikaa kimya, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshafunga kipande kingine, kidogo zaidi. Nilikiachia mchangani bila mtu kuona. Sheria inakataza kuondoa vitu vile, na amri ya saba ilikataza kabla ya sheria. Midomo yetu ilisema mawe yale ni uongo, na mifuko yetu ilikuwa tayari kuyaiba.

Tufanye nini basi? Mchungaji asiyejua aseme hajui. Ningesema maneno hayo mawili miaka 15 iliyopita, "Sijui, tutafute," huenda yule kijana angekuwa bado anaimba sauti ya nne. Walimu wa Shule ya Jumapili wasimwambie mtoto kwamba mwalimu wake wa Historia ni mwongo. Na sisi wa Kaskazini, tuliojaliwa kuishi karibu na mambo haya, tuwapeleke vijana wakaone. Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, kuna nyayo zaidi ya 400 za watu kama sisi, za maelfu ya miaka, ambazo mwenyeji wa pale ndiye aliyeziona kabla ya watafiti. Msururu mmoja ni wa watu 17 waliokwenda pamoja, na watafiti wamekadiria kwamba wengi wao walikuwa wanawake. Sijui kundi hilo la akina mama lilikuwa linakwenda wapi. Najua Mungu aliwajua kila mmoja kwa jina, kama Zaburi ya 139 inavyotufundisha juu ya yeye ajuaye kuketi kwetu na kuondoka kwetu.

Binti yangu wa kipaimara nilimjibu hivi: "Andika kile mwalimu wako alichokufundisha, na ukiandike vizuri. Kisha Jumapili njoo ukiri Imani ya Mitume kwa sauti. Hakuna neno hata moja utakalopaswa kulifuta, huku wala kule." Alifaulu mtihani, na mwaka huu amebarikiwa kipaimara.

Nimempigia simu pia yule mwanajiolojia. Nilimwomba msamaha. Alinyamaza kama alivyonyamaza siku ile ofisini, kisha akasema, "Shikamoo Mchungaji, nilikuwa sijakusalimu." Nikamweleza kwamba tunawapeleka vijana Ngare Sero na hatuna mtu wa kuwaeleza mawe. Amesema atakuja. Amesema wazi kwamba anakuja kwa ajili ya mawe, wala tusimwombe asali. Nimekubali. Mama yake ameuliza kama kuna nafasi moja kwenye gari.